Mtu na Mkwewe Mteremkoni

Likizo ilikuwa ya siku tisa tu, lakini kufikia siku ya pili nyumba ilikuwa imeshapungua ukubwa. Kifungua mimba, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amelala kwenye kochi miguu juu kichwa chini, akidai kwamba dari linavutia kuliko sakafu. Mdogo wake wa miaka saba, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiroboto kwa kuwa hakuwahi kutulia mahali kwa dakika mbili, alikuwa ameshawanyoa wanasesere wake wote upara na sasa alikuwa anamwangalia paka.

"Weka mkasi chini," Mama akamwambia bila kuinua macho. "Safari ya mbali hakuna, baba yenu ana meza sita za wateja. Lakini hapa hapa nyumbani tunaweza kufanya kitu. Semeni, mnataka nini?"

"Gari," akasema Kiroboto.

"Gari gani?"

"La kupanda."

Baba, aliyekuwa seremala na alikuwa anatafuta sababu yoyote ya kuzikimbia zile meza sita, alikuwa ameshasimama kabla sentensi haijaisha.

Basi karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba ikageuka kiwanda. Baba akapiga msumeno, Kifungua mimba akachora ramani na kumkosoa baba yake kila inchi, Kiroboto akapewa msasa akasugua mbao mpaka akalisugua na gauni lake. Magurudumu manne yalitoka kwenye toroli bovu. Mto wa kukalia ukashonwa na Bibi, mama mzazi wa Baba, aliyekuja kula nao likizo. Alikuwa karani mstaafu, mgongo wake umenyooka kama rula, na viatu vyake viling'aa hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda.

Mama naye alikuwa mfamasia. Siku nzima kazini alisoma maandishi madogo ya kwenye chupa, na nyumbani aliongea kama chupa zenyewe: usizidishe, soma maelekezo, weka mbali na watoto. Baba alipenda kumtania kwamba angebandikwa kibandiko mgongoni: usitikise. Kigari kilipokamilika, Mama alikitengenezea karatasi yake, akaibandika kwa gundi: *Abiria mmoja tu. Kofia ni lazima. Mtu mzima asimame karibu.*

Kati ya Mama na Bibi hakukuwa na ugomvi hata kidogo. Kulikuwa na heshima, na heshima hiyo ilikuwa inachosha watu. Wakikutana mlangoni, mmoja anasema, "Tangulia, mama." Mwingine, "La, tangulia wewe, mwanangu." Chakula kinapoa, watoto wamekaa wanameza mate, na wao bado wanapishana. Miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kumsikia Mama akimtania mama mkwe wake, wala Bibi akimcheka mkwewe.

Siku ya nne wakakitoa kigari nje. Barabara yao iliteremka kutoka getini kwao moja kwa moja mpaka kwenye duka la magodoro, na wiki hiyo magari hayakupita kwa sababu kule juu kulikuwa kunachimbwa bomba. Mama alikuwa amepanga kila kitu. Watoto wangeanzia karibu kabisa na chini. Muuza magodoro alikuwa amekubali kupanga yale ya sponji ukutani, yawe ya kupokea ajali. Kifungua mimba alisimama chini akiwa na filimbi. Kofia walizoazima kwa mwendesha baiskeli wa jirani zilining'inia getini.

"Breki inacheza," Mama akasema, akiitikisa ile fimbo ya mbao iliyokuwa ubavuni mwa kigari.

"Inataka skrubu mbili tu," Baba akajibu, akaingia karakana kuzitafuta.

Mama akataka kuhakikisha kwamba mtu aliyekaa anaifikia ile fimbo vizuri. Akavaa kofia, maana sheria ni sheria, akakaa. Bibi akamtazama, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hivyo hutajua kitu. Kigari kinapimwa kwa uzito. Ngoja nikusaidie."

"Mama, imeandikwa abiria mmoja."

"Nimeisoma. Hatuendi popote." Bibi naye akavaa kofia juu ya kilemba chake.

Mama angefanyaje? Mkwe hawezi kumweka mama mkwe nyuma. Akasogea, akampisha mbele, na kamba ya kuongozea ikaangukia mikononi mwa Bibi.

"Kiroboto," Mama akaita, "kabari imekaa sawasawa chini ya gurudumu?"

"Kabari ipi?" akauliza Kiroboto. "Hii?"

Akaiinua juu waione.

Kigari kikajifikiria kidogo. Kisha kikaondoka, taratibu, kama mgeni anayeaga. Halafu kikakumbuka kwamba kina haraka.

"Mama!" akapiga kelele Mama.

"Mwanangu!" akapiga kelele Bibi.

Mama akaivuta breki kwa nguvu zake zote, ikang'oka yote, akabaki ameishika hewani kama mwiko. Kinyozi akatoka nje na mashine yake ikinguruma, nyuma yake mteja mwenye nusu kichwa. Fundi viatu akainua miguu yake yote miwili na kisanduku chake, na kigari kikapita pale pale ilipokuwa miguu. Mbele, vibarua wawili waliobeba kochi wakaona kinachokuja, wakalitua katikati ya barabara, wakakimbia.

"Kulia, mama!" Mama akamwambia. "Kulia! Kulia!"

"Nilie saa hizi?" Bibi akajibu, kamba imemzunguka viganja. "Nitalia tukifika!"

"Mkono wa kulia!"

Bibi akavuta kushoto. Kochi likapita ubavuni, karibu kabisa, hata Mama alilipiga kwa ile fimbo ya breki bila kukusudia. Kifungua mimba akapuliza filimbi, akasahau kwa nini anaipuliza, akaruka pembeni. Magodoro yakafunguka kama mdomo, yakawameza.

Baba alifika akiwa na skrubu mbili mkononi na roho mdomoni. Kilichoonekana ni miguu minne tu, miwili kati yake ikiwa na viatu vinavyong'aa. Rundo la magodoro lilikuwa linatetemeka.

"Wanalia," akanong'ona Kiroboto, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasimama tuli.

Baba akainua godoro la juu. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanacheka kicheko kile kisichotoa sauti, kinachokamua machozi na kubana mbavu, wameshikana mabega, kofia zimewageukia usoni.

"Wewe, mama!" Mama akasema alipopata pumzi. "Kumbe hujui kulia wala kushoto!"

Baba akapigwa na butwaa. Hata muuza magodoro alielewa kwamba kuna neno limevuka mpaka. Bibi akajiinua, akainyoosha kofia, akamtazama mkwewe kutoka juu hadi chini.

"Na wewe," akasema, "mtaalamu mzima, hujui tofauti ya breki na mwiko!"

Wakaanguka tena magodoroni, wote wawili, wakipigana vikofi begani kama wasichana wa shule.

Baadaye Mama akakumbuka kazi yake. Akampima Bibi mapigo ya moyo, akamkunja viwiko, akampapasa magoti. Hakuna kilichoumia isipokuwa kifungo kimoja cha blauzi. Akamgeukia mume wake, mkono wazi.

"Hizo skrubu zako fupi. Leta nne, ndefu. Halafu tunarudi juu."

"Na mimi je?" akalalamika Kiroboto. "Kigari si changu?"

"Ni chako," akasema Bibi, ameshashika kamba. "Nasi ni abiria wako. Kaa katikati."

Ile karatasi ikabanduliwa, ikaandikwa nyingine. Siku zilizobaki mtaa mzima ulihamia mteremkoni. Kinyozi alishuka akiimba. Fundi viatu alishuka amefumba macho mwanzo mpaka mwisho, kisha akasimulia vizuri sana alichokiona. Wateja waliofuata meza zao walimkuta Baba amesimama katikati ya barabara na bendera, na kabla hawajafungua mdomo wakavishwa kofia.

Siku ya tisa mchana, dereva wa teksi akafika kumchukua Bibi amrudishe kwake. Akapiga honi mara mbili. Kifungua mimba akamwambia asubiri kidogo, Bibi na Mama wako juu, wanakuja. Dereva akageuka kutazama, akawaona wakija. Akazima gari, akaweka ufunguo mfukoni, akauliza foleni inaanzia wapi.