Ukuta Uliotembea

Mshonaji alishika tepu yake ya kupimia nguo, fundi mwashi akashika ncha ya pili, wakapima uwanja wa nyuma mahali pa kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Jirani wa juu kwenye mteremko alikuwa amemwaga malori ya kifusi ili bustani yake iwe tambarare, na kila mvua iliponyesha, kifusi kiliteremka hadi kwenye masufuria ya mshonaji.

"Tutaweka mawe, na matundu ya kutolea maji," fundi alisema. "Hapa hakipiti kitu."

Ukuta ulisimama, ukakauka vizuri. Mvua ilipopiga, ukasogea. Haukupasuka wala kuinama. Ulitembea mzima mzima hadi kwenye kamba ya nguo, ukatulia. Fundi alirudi, akaugonga kwa nyundo, akasema kazi yake haina kasoro.

Afisa ardhi naye alikuja. "Mpaka ni ukuta, dada yangu," alisema huku akipangusa viatu. "Ulipo ukuta, ndipo kiwanja chako kinapoishia."

"Hata ukiingia ndani?"

"Hata ukiingia sebuleni."

Jirani akapanda nyasi kwenye sehemu aliyoongezewa.

Mvua nyingine ikaja, ukuta ukapita jikoni, ukaingia chumba alicholala mama yake mshonaji, aliyepooza miguu. Mshonaji alivuta kitanda, kikakwama mlangoni. Akaegemeza bega ukutani, akasukuma mpaka viatu vikaburuzika sakafuni.

"Acha, mwanangu, utaumia mgongo," mama alisema.

Ukuta ukapita taratibu, kama mtu anayepishana na mgonjwa kwenye korido. Ulipotulia, kitanda kilikuwa upande wa juu, kwenye nyasi za jirani, shuka halijakunjamana.

Jirani hakuwa mtu mbaya. Alimfungulia yule mama mwavuli wa bustani, akampelekea chai. Lakini mshonaji alipozunguka kwenda kumchukua, jirani alimzuia getini kwa adabu.

"Kilicho huku ni cha huku," alisema. "Sheria sikuitunga mimi. Karibu Jumapili umsalimie."

Mshonaji akahamishia cherehani kwenye mlango wa mbele. Wateja wakawa wanapimwa barabarani, na hakuna aliyeuliza. Jioni alipaza sauti kuelekea juu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, umebakiwa na nafasi ya kulala?"

"Ipo, mama. Kubwa tu."

Ukuta ulikuwa umeshamgusa mgongo. Akasogeza kiti mbele kidogo, akaendelea kushona.