Bingwa wa Vitendawili

Shule ilipofunguliwa, baada ya miezi ya kusomea kwenye simu, mwalimu wa Kiswahili alimsimamisha Kipusa mbele ya darasa.

“Bingwa wetu wa vitendawili huyu! Mpigieni makofi!”

Kipusa alitamani ardhi immeze. Majibu yote alikuwa akinong'onezwa na bibi yake, aliyejibanza kando ya simu. Na sasa Kichuna, rafiki yake aliyeshika nafasi ya pili, ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

“Haya, tutegee kimoja,” mwalimu alisema.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Mdomo wangu, maneno si yangu.”

“Kasuku!” Kichuna akadakia.

Darasa likacheka. Kipusa akainamisha kichwa.

“Umepata, mwenzangu. Kasuku ni mimi. Majibu yalikuwa ya bibi. Bingwa ni wewe.”