Masikio ya Fundi Omolo

Omolo aligonga tangi mara tatu kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akatulia. Kisha akagonga chini kidogo. Tangi la presha lililo zima hulia wazi sehemu ya juu palipo na hewa, na chini hujibu kwa sauti nzito ya maji. Kwa kugonga tu, Omolo alikuwa amejijengea jina kutoka Lanet hadi Njoro kwa miaka ishirini na miwili. Watu walimwita daktari. Wengine waliapa kwamba hata akifumba macho anaweza kukwambia tangi lina hewa kiasi gani.

Asubuhi hii aliyafumba. Hakusikia kitu.

"Unaskia hiyo, fundi?" aliuliza Waithera, mwenye boma, huku mikono yake ikiwa bado na udongo wa kitalu. "Toka juzi ni tak, tak, tak. Nikifungulia mfereji kidogo tu, pampu inawaka, inazima, inawaka tena."

Omolo aligeuka upesi kumtazama. Maneno ya watu bado aliyapata akiwaangalia usoni. Ni milio midogo iliyokuwa imemwacha. "Naskia, Mama Sydney. Hewa imepungua. Nitaongeza."

"Si uliongeza wiki mbili zimepita? Na mwezi jana pia?"

"Hizi tangi hupoteza hewa," alijibu, akajitia kutafuta spana.

Lilianza sikio la kulia, mwaka juzi, baada ya miaka mingi ya kusimama kando ya mitambo ya kuchimba visima. La kushoto likafuata. Hakumwambia mtu, hata mkewe Adero, ingawa kwa jinsi redio ilivyopiga kelele nyumbani kwao, Adero hakuwa na haja ya kuambiwa. Fundi wa pampu asiyesikia pampu! Nani angemwita? Waithera akijua leo, Jumapili kanisa zima litajua, na simu yake haitaita tena. Kazi nyingine hakuwa nayo. Basi aliitikia tu, akasoma nyuso za watu na kupapasa mashine kwa kiganja.

Ipo njia nyingine ya kupima, na kila anayeanza kazi hii anaijua. Juu ya tangi kuna valvu kama ile ya tairi ya baiskeli. Ukiibonyeza kwa msumari ikatoa hewa, sawa. Ikitoa maji, mpira wa ndani unaotenganisha hewa na maji umepasuka, na hapo hakuna dawa, tangi ni la kubadilishwa. Omolo aliidharau njia hiyo maisha yake yote. Msumari ni wa wasiojua kugonga, ndivyo alivyozoea kutamba.

Mfereji wa kitaluni ulikuwa bado umefunguliwa kidogo. Aliweka kiganja juu ya kisanduku cha swichi inayowasha na kuzima pampu. Kikamdunda. Kikamdunda tena kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Akazima umeme, akafungua kifuniko, akaona vyuma vya ndani vimeungua na kuwa vyeusi. Pampu yenyewe ilikuwa mita tisini chini ya ardhi. Waithera na marehemu mumewe waliuza ng'ombe wote ili kuiteremsha huko, na sasa miche elfu tatu ya parachichi iliitegemea. Ikiungua kwa kuwaka na kuzima hivi, hakuna nyingine.

Omolo alitafuta msumari katika mkoba wake. Akabonyeza valvu.

Maji yalimrukia usoni, mekundu kwa kutu.

"Ni nini hiyo?"

"Mpira imepasuka. Hii tangi imeisha, Mama Sydney. Lazima tubadilishe kabla pampu haijaungua."

Waithera alishika kiuno. "Imepasuka lini?"

Angesema leo. Neno moja tu, na mama huyu angeliamini, maana tangu kisima kichimbwe hakuwahi kumwita fundi mwingine. Omolo alijifuta uso kwa mkono wa shati, taratibu, kuliko ilivyohitajika. Kisha akapiga moyo konde.

"Kitambo. Nafikiri hata ile siku ya kwanza niliongeza hewa, ilikuwa imepasuka. Mimi sikuskia. Masikio yangu yameenda."

"Yameenda aje? Na vile nilikuwa nakwambia inalia, ukasema naskia, naskia?"

"Nilikuwa nakudanganya."

Waithera hakumfokea. Heri angemfokea. Alimtazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka walikutana wapi, kisha akachukua mtungi na kurudi kwenye miche yake. Omolo alibaki pale na msumari wake. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na aibu aliyoisikia ilimfanya atamani kulia.

Kesho yake alikwenda bila kuitwa, akijiambia kwamba akikuta lango limefungwa atarudi nyumbani na asimlaumu mtu. Lango lilikuwa wazi. Tangi jipya, ambalo Waithera alikuwa amelifuata mjini mwenyewe, lilisimama kando ya lile la zamani. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Akavua koti akaanza kazi.

Alilifungua tangi bovu, lilikuwa zito kwa maji hata akalazimika kuliviringisha. Akafunga jipya, akabadilisha swichi, akajaza hewa na kuipima kwa geji, akarudia kupima. Hakugonga hata mara moja.

Mwishowe ilibaki kujaribu. Mfereji ulikuwa mwisho wa kitalu, mbali na swichi, na kiganja chake hakingeweza kuwa mahali pawili. Alivua kofia, akamwendea Waithera katikati ya miche.

"Mama, naomba unisaidie. Simama pale kwa swichi. Ikilia, inua mkono. Nikiwa huku siwezi skia."

Waithera alimaliza kwanza mche aliokuwa akiupanda. Akajifuta mikono kwenye leso, akaenda, akawasha umeme. Baada ya muda akainua mkono: tangi limejaa, pampu imezima. Akaushusha.

Omolo akafungulia mfereji. Maji yalitoka na mchanga, yakachafuka, yakatakata. Ndoo ya kwanza ikajaa. Akaisukuma kwa mguu, akatia ya pili, bila kuondoa macho kule kwenye swichi. Maji yakafika nusu ya ndoo; kwa tangi la zamani swichi ingekuwa imelia mara kadhaa. Waithera alikuwa amesimama akimtazama, na mkono wake ulikuwa bado chini.