Mama Alipokula Samaki

Daktari aliponishika shingo nilijikojolea. Nalisema wazi kwa sababu darasa zima lilishuhudia, na baadhi yao bado wapo na midomo yao haijapungua. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, nasoma darasa la tatu katika shule ya misheni, na tulikuwa tumepangwa foleni uwanjani tupimwe. Daktari Devendra, Mhindi mwembamba wa Upanga, alipitisha vidole kooni mwa kila mtoto na kumwambia, "Meza mate." Wenzangu walimeza wakapita. Mimi nilimeza, nikameza tena, na vidole vyake havikuondoka.

Siku zile Kariakoo kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyechukuliwa na mumiani. Ilisemekana wanakamata watu na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa, na sisi watoto tulikwisha kukubaliana kwamba damu nzuri inatolewa shingoni. Kwa hiyo daktari alipomgeukia mwalimu na kusema, "Euphrasia aje tena kesho, na mama yake," nilijua nimechaguliwa. Wenzangu nao walijua. Hakuna aliyetaka kuongozana nami kurudi nyumbani.

Tulikuwa tumepanga chumba katika nyumba ya Bi Zamzam, nyuma ya soko. Baba yangu, Leodegar, alikuwa hamali katika duka la Kantilal, akibeba magunia ya mchele. Mama aliitwa Klara. Walitoka milimani huko Songea, na ukoo wa baba ulikuwa na mwiko wa samaki. Hawakumla, hawakumshika, na chungu kilichompika hakikuingia ndani kwao. Kuja pwani hakukubadilisha kitu. Tuliishi katikati ya harufu ya samaki tukila maharage.

Mama aliwahi kuuvunja mwiko ule, mara moja tu. Walipokuwa safarini kuja Dar es Salaam, walilala Lindi, naye akiwa na mimba ya mdogo wangu Polycarp. Njaa ilimshika, mwanamke mmoja akampa kipande cha samaki aitwaye changu, akala. Polycarp alizaliwa hapa mjini. Alifika miaka minne hajasimama wala hajatamka neno, na ukimwita jina lake ni sawa na kuuita ukuta. Ndugu za baba hawakuhangaika kutafuta sababu. Samaki hana sauti, mama amekula samaki, mtoto amekosa sauti. Baba alikubali, na mama alikubali kuliko wote.

Sasa alikuwa na mimba nyingine, changa. Nyumbani kwetu kulikuwa na hofu moja, ilikaa nasi mezani na kitandani: huyu wa tumboni asije akawa kama Polycarp. Bi Zamzam alipokaanga samaki uani, mama alijifunga kanga puani na kutukokota hadi barabarani, tukasimama juani mpaka harufu iishe. Bi Zamzam alikuwa akicheka. Mama hakucheka.

Kesho yake alikuja shuleni na Polycarp mgongoni. Nilimshika mkono, akaubana wangu hadi ukauma, nikazidi kuogopa, maana nilitegemea mmoja wetu awe na moyo. Daktari alimwomba aondoe kanga shingoni. Mama alikuwa na rovu tangu usichana wake, uvimbe mkubwa kama ngumi ya mtoto. Kwao milimani wanawake wengi walikuwa nao na hakuna aliyewashangaa, lakini mjini alikuwa akiuficha. Daktari aliutazama ule wa mama, akatazama na wangu mdogo uliokuwa unaanza. Kisha akainama karibu na sikio la Polycarp, akamwita kwa nguvu. Polycarp aliendelea kunyonya kidole chake.

Daktari alinyooka, akaona mama amelikinga tumbo kwa mkono, na uso wake ukabadilika. Niliacha kufikiria mumiani palepale. Mtu mzima akiogopa mbele yako, wewe mtoto huna pa kujificha.

"Mama, mimba hii ina muda gani?"

"Bado changa, daktari."

"Afadhali. Nisikilize vizuri. Kuna dawa fulani Mungu ameiweka baharini. Mwili unaitaka kidogo sana, lakini usipoipata, shingo inavimba. Kwenu milimani mvua zimeiosha kwenye udongo, haimo kwenye mahindi wala kwenye maharage. Na mtoto akiikosa tumboni, anaweza kuzaliwa kama huyu uliyembeba."

Siku hizi wanaitia kwenye chumvi na kuiita madini joto, na mtoto yeyote wa shule atakuimbia faida zake. Sisi tuliisikia siku ile kwa mara ya kwanza, tumesimama uwanjani, na ilitushukia kama hukumu.

"Binti yako nitampa matone," daktari alisema. "Nimepewa ya watoto wa shule tu. Wewe dawa yako iko sokoni. Kula samaki wa baharini, kila siku ukiweza, kuanzia leo."

"Nikila samaki atakuwa bubu," mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Usipokula ndipo ninapoogopa."

"Unaniahidi, daktari?"

"Siwezi kukuahidi, mama," alisema. "Ninakuambia ninachokijua." Nilimchukia kwa jibu lile, ingawa sasa ninamheshimu.

Baba alisikiliza habari hizo akiwa anavua kofia ya kazi. "Huyo Devendra na Kantilal ni mtu na shemeji yake," alisema. "Mimi ndiye ninayepeleka vyakula katika nyumba zao. Dengu, samli, maziwa. Samaki haingii, yai haliingii. Mtu anakuamuru ule kitu asichokigusa yeye, na wewe una mimba. Jiulize kwa nini."

Mimi niliruhusiwa matone yangu, nadhani kwa kuwa hayakuwa na magamba. Yalikuwa na ladha ya chuma. Niliyanywa huku mama akinitazama kooni, kana kwamba anangoja nianguke.

Baada ya hapo mama aliacha kula sawasawa. Akiletewa ugali anaugeuza geuza tu. Usiku anashika tumbo. Siku moja nilimkuta amekaa sakafuni anamwita Polycarp, anamwita na kumwita, nyuma ya kichwa chake. Aliponiona alisema, "Ninaogopa, mwanangu. Nikila ninamuua ulimi. Nisipokula, huenda ninamuua ulimi vilevile." Watu wanapenda kusema mama zetu wa zamani walikuwa majasiri. Wangu alikuwa anaogopa hadi meno yanagongana, na mimi nilikuwa naogopa pamoja naye.

Bi Zamzam ndiye aliyechoka. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, mwenye nyumba hasa, na alikuwa amesikia kila neno kupitia ukuta.

"Mama Polycarp, njoo."

"Naja, dada. Lakini baba Euphrasia amesema yule Mhindi mwenyewe hali samaki."

"Mhindi hana mimba, mwenzangu. Mwache na dengu zake. Jitande, twende sokoni."

Tulifuatana hadi upande wa wauza samaki, mama akiwa amejiziba pua kwa kanga. Bi Zamzam alitukalisha juu ya sanduku tupu na kusema, "Kaa usikilize." Wanawake walikuwa wanakaanga vibua na vipande vya papa, na watoto wao wakicheza chini ya meza. Wale watoto walikuwa wanatukanana. Mmoja akimtusi mwenzake babu, mwenzake anarudisha babu na bibi na shangazi, hakuna anayekosa neno. Sijapata kusikia tena ndimi zilizonolewa namna ile. Mama zao waliwafokea, nao wakawajibu.

"Hawa wote," Bi Zamzam alisema, "mama zao walikula samaki asubuhi na jioni, wakazaa, wakala tena. Mimi pia. Nioneshe bubu hapa."

Mama alisikiliza muda mrefu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Kisha aliondoa kanga puani, akaomba kipande cha kibua, akala. Alikuwa akitafuna huku mkono mmoja umekamata tumbo, na kila alipomeza alifumba macho. Nilitamani kumpokonya. Nilitamani pia amalize upesi.

Hakumficha baba. Alimwambia jioni ile ile, amesimama mlangoni, mdomo bado unanuka. Baba alimtazama, akakunja mkeka wake, akaenda kuutandika chumba cha mbele kwa Awadhi, mpangaji mwenzetu. "Mtoto akitoka bubu," alisema, "usimwite wangu." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu.

Tangu siku hiyo mama alikula samaki kila siku, jikoni kwa Bi Zamzam, katika sahani ya Bi Zamzam. Hofu haikumtoka hata siku moja. Mtoto akicheza tumboni alishtuka, na asipocheza alishtuka zaidi.

Alijifungua mvulana, akabatizwa Aristides. Alilia kwa nguvu, mkunga akampongeza mama, lakini mama alisema tu, "Polycarp naye alilia." Tukabaki tunangoja. Hakuna aliyethubutu kumjaribu yule mtoto. Tulipita karibu naye kwa kunyata na kuongea kwa kunong'ona, maana kama tungemwita asigeuke, tungejua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua.

Masika yalikuwa yameanza siku baba aliporudi mapema, magunia hayabebeki kwa mvua. Mama alikuwa amekaa ukumbini ananyonyesha, Bi Zamzam kando yake na sahani ya samaki, na Polycarp sakafuni ameupa mlango mgongo. Baba alisimama kizingitini akatoa salamu yake ya kila usiku, kavu, akisahau kwamba saa hiyo mtoto yuko macho, "Hamjambo."

Aristides aliachia ziwa, akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

Baba alisita. "Hamjambo," alirudia, na sauti ikamkatika. Mtoto aliyatafuta maneno yale kwa macho mpaka akampata, akamkodolea. Baba alichuchumaa palepale, maji ya mvua yakimchuruzika, akafunika uso kwa viganja. Bi Zamzam akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti yake ile. Mimi nilikuwa nacheka na kulia.

Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama Polycarp, ambaye hakuwa amegeuka. Alinipa Aristides, akavuta sahani ya Bi Zamzam, akamkalisha Polycarp mapajani. Alichambua miiba, akamlisha kipande. Akachambua kingine, akamlisha, na kingine, haraka haraka. Polycarp alikuwa anatafuna kwa furaha. Baadaye shavu likajaa, akaanza kutema, na mama bado anachambua.

Bi Zamzam alimshika mkono. "Basi, mama Polycarp. Ameshiba."

"Hajashiba," mama alisema. "Hakuwahi kushiba."

Baba alitambaa hadi pale walipokuwa, akakaa upande wa pili wa sahani, akaanza kuchambua miiba.