Mama Pua Hajasema

Miaka kumi na tisa nilisimama mbele ya tanuri la kahawa, na kiwanda kizima kilisubiri neno langu moja: "Toa!" Waliniita Mama Pua. Hawakutazama saa wala rangi. Nikisema toa, mkaangaji anavuta mpini, buni zinamwagika.

Siku mzigo mzima ulipogeuka mkaa, watu kumi na mmoja walisikia harufu ya kuungua. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Mama Pua alikuwa hajasema," walimwambia meneja.

Nami nilikuwa palepale, nanusa hewa tupu. Pua ilikuwa imeziba miezi sita, nikaficha kwa aibu.

Meneja akanihamishia kwenye kushona magunia. "Pumzika, mama. Umri nao umekwenda."

Umri! Damu ilinichemka. Kesho yake nilikuwa hospitali.

Daktari alichungulia kwa kamera nyembamba. "Una vinyama puani, matundu yote mawili. Laini, kama zabibu zilizomenywa. Si saratani. Utando wa pua ukivimba muda mrefu, huota hivyo."

Alianza na dawa ya kupuliza, ya kupunguza uvimbe. Miezi miwili, wapi! Harufu haikurudi.

"Basi tuvitoe," akasema. "Tunapita ndani ya pua, usoni hatukati. Ila kwa wengine huota tena, kwa hiyo dawa ya kupuliza hutaiacha."

Shemeji yangu alicheka hadi akakohoa. "Ukatwe, halafu viote tena? Shona magunia yako utulie, shemeji."

"Thubutu! Ndevu zako zinaota kila siku, mbona unanyoa?"

Nikapiga moyo konde, nikapasuliwa.

Niliporudi kazini meneja hakutaka hata kunijaribu. Alikuwa ametundika saa kubwa juu ya tanuri. "Sasa tunafuata saa, mama. Haiugui mafua."

Nikashona. Wiki ya tatu, asubuhi, sindano ikiwa mkononi, harufu ikanijia: kwanza ya mkate, kisha ya sukari inayoanza kuungua. Machozi yakanitoka. Saa ilidai bado dakika mbili.

"Toa!" nilipiga kelele kutoka kwenye magunia.

Mpini ukavutwa. Buni zikamwagika, za kahawia, zinang'aa, hakuna hata moja iliyoungua.

Meneja akaja mbio. "Nani kakwambia utoe?"

Mkaangaji alimshangaa. "Mama Pua kasema."

Nikachomeka sindano kwenye gunia, nikaenda kusimama mahali pangu.