Nyumba Tumboni mwa Nyumba

Mgeni aliyefika pale alilazimika kupiga hodi mara mbili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mbao nzito, na kitasa chake bado kilikuwa na karatasi ya dukani. Ukishaupita ulidhani umefika. Kumbe mbele yako, katikati ya sakafu ya vigae, ilisimama nyumba nyingine, ya fito na udongo, ina mlango wake na dirisha lake, na ndani yake kuna mama mtu mzima anauliza, "Nani huyo?"

Aliyezusha kizaazaa hiki ni mwashi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Timazi, kama ile kamba ya waashi ya kupimia wima, kwa kuwa ukuta aliousimamisha haukuwahi kupinda. Alikuwa amejengea watu nyumba za tofali tangu ujana wake, huku mwenyewe, mkewe, watoto na mama yake wakibanana katika nyumba ya udongo alimozaliwa. Uwezo ulipopatikana akataka kuibomoa aanze upya. Mama akasema, "Jenga, baba. Ila mimi sitoki."

Kiwanja kilikuwa kidogo, pa kusogea hapakuwapo. Timazi akafanya kama wanavyofanya wengi wenye kiwanja kidogo na mzazi mbishi. Alichimba msingi kuizunguka nyumba ya zamani, akapandisha tofali pande zote, akapaua kwa bati, kisha akaziondoa nyasi za paa la chini, maana hazikuwa na kazi tena. Hii ikiisha, alijiambia, ile ya udongo itavunjwa na kutolewa kwa toroli mlangoni. Mkewe akachukua watoto akaenda kwa dada yake kukwepa vumbi.

Nyumba mpya ikaisha. Mama hakutoka.

Hapo ndipo akili ya Timazi ilipoanza kwenda kombo. Kila asubuhi mama alifungua mlango wake na kumwaga nje maji aliyonawia, kama alivyofanya maisha yake yote. Tatizo ni kwamba nje yenyewe sasa ilikuwa sebule.

"Mama! Hapo ni ndani!"

"Ndani ya nani? Mimi si nimetoka mlangoni?"

Timazi akachukua tambara akapiga deki. Ni kweli mama alikuwa ametoka mlangoni. Ni kweli pia kwamba maji yalikuwa yakitiririka kuelekea vyumba vya watoto. Mtu aliyezoea kupima kila kitu kwa kamba alijikuta hajui tena nje inaanzia wapi.

Mvua zilipokaribia, mambo yakazidi. Alirudi kutoka kazini akamkuta mama amekanyaga udongo kwenye beseni na anazikandika kuta zake, kama kila mwaka.

"Mama, hapa mvua haifiki. Juu bati, pembeni tofali."

"Naona."

"Sasa unakandika nini?"

"Ukuta."

Alisimama akimtazama. Vidole vya mama vilisambaza udongo kwa mizunguko mipana, taratibu, bila haraka yoyote. Jicho la Timazi lilimwambia kwamba ukuta ule umepinda, tena vibaya, na lilimwambia vilevile kwamba umesimama kabla yeye hajazaliwa. Hakujua aucheke au auonee wivu. Akashika ndoo, akamsogezea mama maji, kisha akajikasirikia kwa kusaidia kuimarisha ukuta anaotaka kuuvunja.

Kilichomuuma zaidi ni giza. Dirisha la mama halikutazama uani tena, lilitazama sebuleni, na jua limeshapanda yeye bado aliuliza, "Kumekucha?" Timazi alimwonea huruma, halafu akashikwa na hasira. Si angetoka tu! Vyumba vimejaa mwanga, kuta nyeupe, madirisha ya vioo. Ni mapenzi gani haya ya udongo?

Fundi rangi aliyekuja kumalizia kazi naye hakumsaidia kitu. Aliizunguka nyumba ya udongo na brashi yake mkononi, akiguna.

"Niambie moja tu, bosi. Na huu niupake, au niuruke?"

"Uruke. Unavunjwa."

"Lini?"

"Mama akitoka."

"Aa, basi niupake," alisema fundi rangi, akacheka peke yake. "Wenzako sebuleni wanaweka kabati la vyombo. Wewe umeweka mama na nyumba yake."

Kisha mkewe akapiga simu. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na safari hii alikuwa nayo machache kuliko kawaida. "Jumamosi tunakuja na makochi. Nikikuta tope sebuleni nageuza gari, na usinifuate. Watoto wamelala sakafuni kwa watu vya kutosha."

Timazi hakumlaumu. Hakumlaumu mama pia. Kila alipomfikiria mmoja alimwona ana haki, akimfikiria wa pili, naye ana haki, na katikati yao amebaki yeye, mwenye kosa ambalo hakulijua ni lipi.

Jumamosi asubuhi akachukua nyundo kubwa. Akasimama mbele ya mlango wa nyumba ya udongo.

"Mama, leo navunja."

"Vunja."

Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa kutandikwa kwa ufagio. Kwa neno hilo moja hakuwa amejiandaa.

"Kwa hiyo unatoka?"

"Nitalala wapi?"

"Mama jamani! Nyumba yote hii ni yako!"

"Yote ni yangu, nashukuru," alisema mama. "Nalala wapi?"

Timazi akapumua. Kumbe ni hilo tu! Akamshika mkono. "Njoo nikuonyeshe."

Akafungua mlango wa chumba cha kwanza. "Hiki?" mama akauliza.

"Hiki ni chetu, mimi na mama watoto."

"Kizuri." Mama akapapasa ukuta, akausifu ulivyo laini. "Na hiki?"

"Cha wasichana."

"Kile?"

"Cha wavulana."

Wakapita jikoni, wakapita bafuni. Mama alisifu kila kitu, tena kwa dhati. Wakachungulia stoo, isiyo na dirisha, iliyojaa mifuko ya saruji iliyobaki. Halafu wakajikuta wamerudi sebuleni.

Timazi alidhani ameruka mlango. Akamwacha mama pale, akazunguka tena peke yake, haraka zaidi, akifungua na kufunga. Chetu. Wasichana. Wavulana. Jiko. Bafu. Stoo. Ramani ile aliichora mwenyewe kwa chaki, akapima mwenyewe kwa kamba, na siku ile mama alikuwa amekaa chumbani kwake, katikati kabisa ya vipimo. Alimzunguka. Kwa kuwa mama tayari alikuwa na mahali, hakuwaza kumpa mahali. Na mahali pale alipokuwapo, alipaita sebule.

Honi ikalia nje. Mkewe akaingia na mikoba mabegani, akauona ukuta wa udongo, uso ukabadilika.

"Si tulikubaliana?"

"Mama watoto," Timazi akasema, "tulipogawa vyumba, mama tulimweka wapi?"

"Kwani hujui? Si pale..." Akanyoosha mkono. Mkono ulielekea chumba cha wasichana, ukasita, ukageukia stoo, ukaona haya, ukabaki hewani. "Nilidhani wewe umeshapanga," akasema polepole.

"Na mimi nilidhani ni wewe."

Mama alikuwa amerudi kusimama mlangoni pake. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza katika mambo yote haya, yeye ndiye aliyeonekana kuchanganyikiwa.

"Kumbe hamjui?" akauliza. "Mimi nilidhani mnajua, ila mnaona haya kuniambia. Nikasema nisitoke kwanza, wanangu, nisije nikawalazimisha kutamka kwamba chumba changu hakipo."