Vipimo vya Kujiandikia

Duniani palikuwa na watu wawili tu ambao Fundi wa kushona aliwaheshimu, na wote wawili walikuwa wameshazikwa. Waliobaki, kuanzia ofisi ya mtaa hadi ukuta wa bahari, aliwaona ni watu wa kuchekwa. Mwanamke huyu aliwatazama kutoka dirisha la chumba chake cha kushonea, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua na pini zimebanwa midomoni, na hakuna aliyepita bila kupewa lake. Huyu anatembea kama barabara ameijenga babake. Yule kanunua mkoba mpya, sasa anatafuta cha kuweka ndani. Pini hazikumzuia kusema, alikuwa ameshazoea kusema nazo.

Mji wenyewe, wa pwani, kusini kabisa mwa nchi, ulikuwa na mambo machache, kwa hiyo kila jambo lilikuwa jambo kubwa. Mwaka huo jambo kubwa lilikuwa ukuta wa bahari. Ulibomoka, ukajengwa upya, ukawekewa taa na mabenchi, na sasa kiongozi mmoja alikuwa anakuja kukata utepe. Kikundi cha wanawake wa mtaa kilipewa dakika nne za kuimba. Kwa ajili ya dakika hizo nne walikutana mara saba kujadili sare. Mkutano wa kwanza waligombania rangi, wa pili wakagombana kuhusu ule ugomvi wa kwanza, na wa saba wakarudi kwenye rangi waliyoanza nayo, samawati, iliyompendeza mwanachama mmoja tu, naye alikuwa ameshahama mtaa.

Halafu Mwenyekiti akaleta kali ya mwaka. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mjane mnene aliyeuza vyombo vya plastiki, mwenye sauti ya kusimamisha gari lililokwisha pita. Aliingia chumbani akiwa amekumbatia jora la kitambaa, akalibwaga juu ya meza ya kukatia, akatangaza kwamba safari hii hakuna kupimwa. Kila mwanamke atajipima kwake, ataandika kwenye karatasi, na karatasi zote zitapitia kwake yeye.

Fundi alitoa pini mdomoni, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu. Katika miaka ishirini na sita ya kushona hajaona kituko kama hicho. Alimweleza, polepole, kama anavyoelezwa mtu mgumu wa kuelewa, kwamba hakuna binadamu anayeweza kujipima mgongo, kwamba mtu akishika futi mwenyewe huingiza tumbo ndani bila kujijua, na kwamba nguo ya kuandikiwa kwenye karatasi huitosha karatasi.

"Wenyewe wameamua," Mwenyekiti akasema. "Wewe shona kama ilivyoandikwa, mwenzangu. Ikibana, itakuwa imetubana sisi."

Fundi hakuhitaji kutafuniwa. Wanaona haya. Kila mmoja anaogopa mwenzake asisikie nyonga zake zikisomwa kwa sauti, na ni kweli Fundi alikuwa na tabia ya kuzisoma kwa sauti, tena na kituo kidogo kabla ya namba, watu waliopo wapate nafasi ya kukisia. Kumbe wanaiogopa futi. Alifurahi siku nzima.

Karatasi zilipokuja alizisoma kama watu wanavyosoma gazeti. Muuza manukato, mwanamke wa watoto watano, alijiandikia kiuno inchi ishirini na nane. Kiuno hicho alikuwa nacho alipokuwa darasa la saba, na hata wakati ule lazima alibana pumzi. Mwalimu mstaafu aliandika kwa wino mwekundu, robo inchi kwa robo inchi, uongo mtupu lakini umepigiwa mistari vizuri. Mwingine hakuandika namba hata moja, aliandika "ya kawaida tu." Mwenyekiti mwenyewe alijipunguzia inchi sita, hakuona hata haya kidogo.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya mdogo wake Fundi.

Huyu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, wa pekee, na walikuwa hawajasemeshana mwaka na miezi minane. Kisa kilikuwa saluni. Mdogo mtu alifungua saluni, ikafa baada ya miezi minne, na Fundi, akiwa msibani mbele ya nusu ya mtaa, akasema kwamba ile saluni imenyoa mteja mmoja tu, naye ni mwenyewe. Watu walicheka hadi wakaziba midomo kwa khanga. Mdogo wake aliinuka, akakung'uta mchanga kwenye nguo, akaondoka. Fundi hakuona kosa. Maneno yalikuwa ya kweli, na tena yalikuwa mazuri. Alimngoja mdogo wake aje, kwa sababu mdogo ndiye huja kwa mkubwa, na kadiri miezi ilivyopita ndivyo alivyozidi kumngoja. Alimkosa sana, hilo alilijua. Lakini kwenda kubisha hodi kule, mitaa mitatu tu mbele, hapana.

Karatasi ilisema kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane, nyonga arobaini na sita. Fundi akatabasamu. Vipimo hivyo alivijua kwa moyo, alimshonea mdogo wake magauni kwa vipimo hivyo miaka kumi. Katika kikundi kizima cha waongo, mmoja tu amesema kweli, na huyo ni damu yake. Akaamua palepale kwamba gauni hilo ndilo litakalowapatanisha. Mdogo wake atakuja kulivaa, ataona lilivyoshonwa, na mengine yatakwisha yenyewe bila mtu kuomba radhi.

Basi akashona. Kila fundi anayejua kazi huacha akiba, vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, ili mtu akinenepa nguo itanuliwe. Kwa wale wengine Fundi aliikata akiba yote, kavu, hadi kwenye uzi. Walitaka viuno vya karatasi, wavivae. Gauni la mdogo wake alilimalizia kwa mkono, pindo zima, akaliacha na akiba ya kutosha miaka kumi mingine.

Asubuhi ya sherehe wanawake walijaa chumbani kuvaa. Ilikuwa raha ambayo Fundi hakuwahi kuilipia kiingilio. Zipu zilipanda hadi katikati ya mgongo zikagoma. Muuza manukato alipumua kwa awamu. Mwalimu mstaafu alisimama akiwa amenyanyua mikono kama mtu aliyekamatwa, kwa sababu haikushuka. Wakamwomba awaachie kidogo, naye akageuza mshono mmoja nje, akawaonyesha hakuna cha kuachia.

"Umefanya makusudi," Mwalimu mstaafu akasema.

"Makusudi mliyafanya nyinyi na kalamu zenu," Fundi akamjibu. "Mimi nimeshona kama nilivyoandikiwa."

Mdogo wake aliingia wa mwisho, amejifunika khanga kichwani hadi mabegani. Alisema shikamoo. Fundi aliitikia marahaba akiwa ameinama kwenye cherehani, akamnyooshea gauni bila kuinua macho, maana alitaka aombwe kwanza kuangalia. Pazia likavutwa, likakaa limefungwa muda mrefu, likafunguliwa.

Gauni lilitoka kwanza, mtu akafuata baadaye. Mabega ya gauni yalikuwa yameshuka karibu na viwiko. Shingo ilisimama peke yake, mifupa miwili mbele, na kiuno kile cha thelathini na nane kilizunguka hewa. Uso ulikuwa wa mdogo wake, lakini umebaki macho.

Fundi alisimama. Alichokiona kingemtosha, lakini aliona na kingine: hakuna mwanamke hata mmoja chumbani aliyeshtuka. Mwenyekiti alikuwa ameshavuta kigoda na kumketisha. Muuza manukato, ambaye dakika moja kabla alikuwa hawezi kuinama, aliinama akamwinulia pindo lisiburuze sakafuni. Walifanya hivyo kwa mazoea.

"Tangu lini?" Fundi akauliza.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyemweleza. Tangu kabla ya mvua. Uvimbe ulikuwa ubavuni, ulishakatwa, na sasa ni dawa za kila Jumanne hospitali kuu. Wanampeleka kwa zamu, wawili wawili, wengine wanabaki kumpikia. Fundi aliwaona wakipita Jumanne zote hizo, wawili wawili na kikapu chao, na kila Jumanne alikuwa na la kusema kuhusu wanawake wasio na kazi za kufanya.

"Ndiyo maana tukajiandikia," Mwenyekiti akasema. Sauti yake ile kubwa alikuwa ameishusha. "Hatukutaka apimwe hapa. Futi yako ina maneno."

"Wewe ulijipunguzia inchi sita," Fundi akasema. Alijua ni upuuzi tangu neno la kwanza, lakini ndilo lililokuja.

"Nilijipunguzia. Nani hapendi kuwa mwembamba? Lakini karatasi zilikuwa kwa ajili ya mdogo wako."

Fundi akamgeukia mdogo wake. Alitaka kukasirika, kwa sababu hasira ingemsaidia. Akamuuliza, yeye ni nani hata afichwe, mtaa mzima unajua na dada wa tumbo moja hajui.

"Mimi ndiye niliyewakataza, hata vipimo nikakuandikia vya zamani," mdogo wake akasema. "Ungesema kitu, dada. Kingekuwa cha kuchekesha, kama kawaida yako. Watu wangecheka, na mimi ingenibidi nicheke pia. Sikuwa na nguvu."

Fundi akachukua kidau cha pini, akapiga magoti mbele ya kigoda ili alibane lile gauni kiunoni. Kwa hilo tu aliona anafaa. Aliposhika ubavu wa kulia mdogo wake aliruka, akauma mdomo, akaushika mkono wa dada yake kuuondoa.

"Niletee mimi," Mwenyekiti akasema, akinyoosha kiganja. "Mimi najua pasipouma."

Fundi akampa pini. Mwenyekiti alipiga magoti kwa shida, akaanza kubana kitambaa upande wa kushoto, polepole, akimuuliza mgonjwa kila pini kama yuko sawa. Alipojinyoosha kufikia bega, mshono wa mgongoni mwake ukapasuka kuanzia shingoni hadi kiunoni, mlio ukasikika chumba kizima. Hakugeuka, wala hakusimamisha kazi. Muuza manukato akavua khanga yake akamfunika mgongo.

Hakuna aliyecheka. Fundi alisimama kando ya cherehani yake, mikono mitupu, akingoja mmoja wao amwambie la kufanya.